Mbele ya kusema «Dokta, tosha tu»: kuroni na bridji kwa meno yetu ya Kolwezi



Mwaka uliopita nilikuwa nakula maharage, kajiwe kakanipiga, jino la nyuma likavunjika nusu. Nikaenda kwa munganga wa meno na neno la kwanza kutoka kinywani mwangu likawa lile wengi wetu tunasema: «Dokta, tosha tu.» Akaniangalia. «Yaya, muzizi iko muzima. Nitoshe juu ya nini?» Siku ile njo nilielewa kwamba hata sisi wenye diplome, mambo ya meno hatukuyasoma. Basi tuelezane.

Kuroni ni taji, ao tuseme kofia, inayofunika jino lililobomoka lakini mzizi wake ungali na nguvu. Munganga anapiga kwanza radio ili aone mzizi. Kama mshipa wa ndani umeoza, anautoa, anasafisha njia yake na kuiziba. Kisha anapunguza jino pande zote, milimita 1 hadi 2 hivi, ili kofia ipate nafasi. Unauma paste laini inayogandama, umbo la meno yako linaenda kwa fundi, na wewe unarudi nyumbani na kuroni ya muda. Ile ya kweli ikiisha tayari, anakupimia. Ukisema «hapa iko juu kidogo», anasugua, halafu anaibandika na simenti ya meno. Kwa hiyo si kazi ya siku moja.

Bridji ni ya mahali ambapo jino halipo tena. Fikirieni kilalo juu ya mto: bila nguzo mbili, hakuna kilalo. Meno mawili ya jirani njo nguzo. Yanapunguzwa, yanavikwa kuroni, na jino la bandia linashikana nazo katikati. Nguzo zikitikisika, bridji itaanguka. Na kama majirani ni mazima kabisa, fikiri mara mbili mbele ya kuyasugua. Pengine apareyi ya kutoa na kuweka inatosha, na bei yake ni ndogo. Lakini kuacha pengo wazi miaka na miaka si vizuri: majirani wanainama, na jino la juu linashuka polepole kutafuta mwenzake.

Sasa, jambo la kuchekesha na kuumiza. Kuroni na bridji nyingi zina chuma ndani, na mara nyingi chuma hicho ni kobalti iliyochanganywa na kromu. Tangu miaka ya 1930 Wamarekani walikuwa wanatengeneza vyuma vya meno kwa mchanganyiko huo, chini ya jina Vitallium. Juu ya nini kobalti? Ni ngumu, na ikichanganywa na kromu haishiki kutu ndani ya mate. Leo inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na Lualaba njo kitovu chake. Mnakumbuka Kasulo mwaka 2014, batu wakichimba hata ndani ya lupango. Ile minere inaenda mbali, inakuwa jino ndani ya kinywa cha mtu wa Ulaya, na mtoto wa Kolwezi anabaki na pengo! Lakini tusidanganyane: kwenye kuroni, chuma si kitu cha bei kubwa. Kinacholipwa zaidi ni mikono ya munganga na ya fundi, mashini, na siku za kazi.

Neno moja kwa wenzetu wa viwandani. Mvuke wa aside sulfuriki kwenye chumba cha elektrolizi unakula meno ya mbele miaka ikipita: yanakuwa mafupi, membamba, maji baridi yanachoma. Vaeni maski. Mkitoka kazini, sukutua kwanza na maji, ngoja kidogo mbele ya kupiga mswaki. Na mwambie munganga kazi yako, juu kuroni haitasaidia meno mengine kama aside inaendelea kuyakula.

Kuroni yenyewe haiozi, lakini jino chini yake linaoza, pale pembeni mwa ufizi. Piga mswaki pale pale, na pitisha uzi wa meno chini ya bridji. Ikitunzwa, inaweza kuzidi miaka 10. Ikitoka, usiibandike na kola ya dukani; iweke ndani ya karatasi, urudi nayo.

Kwa hiyo, mbele ya kusema «tosha tu», uliza mambo matatu: mzizi ungali mzima? Bei yote ni ngapi, pamoja na kazi ya mzizi? Na nikikosa falanga leo, tunaweza kuziba kwa muda mpaka nizikusanye? Mimi niliuliza lile la tatu. Ilinikamata miezi mine, lakini leo ninatafuna maharage upande ule ule. Kwanza ninachambua mawe.