Upepo wa Karibu na Ufuko

Mvua ya alasiri inayoishukia Suneka, pamoja na radi zake na mawe yanayochana majani ya migomba, kwa kiasi kikubwa huletwa na upepo wa ziwani. Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji ya Ziwa Victoria, hewa ya ziwani ikavuma kuja nchi kavu, ikapanda milima ya Gusii na kukutana na upepo wa mashariki. Hapo haina pa kwenda ila juu. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na dhoruba ikizuka huko huwakuta wavuvi wa omena majini na taa zao.

Kwa hiyo mtabiri wa hali ya hewa anahitaji kujua upepo ulivyo juu ya maji, mahali pasipo na mlingoti wala kituo. Setilaiti za Metop za Ulaya zina rada iitwayo ASCAT kwa kazi hiyo. Hutuma mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita kama 5.7, yakagonga viwimbi vidogo ambavyo upepo huvikunja juu ya maji. Maji yakitulia, mawimbi hayo huteleza na kwenda zake. Maji yakikunjamana, sehemu ya mawimbi hayo hurudi, na nguvu ya kinachorudi hueleza ukali wa upepo. Kila eneo hutazamwa kwa pembe tatu, ndipo mwelekeo ukapatikana.

Bahari kuu haina shida. Kusi ikizidi noti 25 nje ya Lamu, au kimbunga kikisogelea Mafia kama Hidaya mnamo Mei 2024, mtabiri ana cha kutazama. Shida huanza ufuko unapokaribia. Kipimo kimoja hukusanywa kutoka eneo la kilomita nyingi, na mwangwi wa nchi kavu ukiingia humo huharibu hesabu yote. Ndiyo maana ramani za upepo huacha ukanda mtupu kandokando ya pwani, yaani pale pale zilipo ngalawa na mitumbwi. Mbinu mpya za uchakataji zimeupunguza ukanda huo hadi kama kilomita 20. Ni hatua nzuri kwa Malindi, lakini Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, iliyo kama kilomita 30 tu kutoka Suneka kwa mwendo wa ndege, ni nyembamba mno. Karibu yote humezwa.

Kisha kuna saa. Metop hupita mnamo saa tatu na nusu asubuhi na saa tatu na nusu usiku, tena si kila siku juu ya mahali pale pale. Upepo wa ziwa hukolea alasiri, katikati ya mapito hayo mawili. Ningeulizwa, ningeomba setilaiti ya saa tisa alasiri kabla ya kuomba usahihi zaidi kwa ile ya asubuhi. Oceansat-3 ya India, iliyorushwa Novemba 2022, hupita karibu na adhuhuri, na hilo linasaidia. Ila mawimbi ya rada yake ni mafupi zaidi, na matone ya mvua huyavuruga. Yaani inakuja karibu na saa ya mvua, halafu mvua inaisumbua! Setilaiti ya Sentinel-1 nayo huona hadi ndani ya ghuba kwa undani wa kilomita moja hivi, lakini hurudi baada ya siku kadhaa.

Hata kipimo kizuri kikichelewa hakimfai mvuvi. Anayesukuma mtumbwi Homa Bay jioni anataka neno kabla jua halijatua, si takwimu zitakazofika mezani kwa mtabiri yeye akiwa tayari majini. Kwa sababu hiyo mimi hutilia mkazo vipima upepo vya visiwani, Mfangano na Rusinga kwa mfano: mlingoti wa mita 10, kimo kile kile ambacho upepo wa setilaiti hukadiriwa kwacho. Hupima saa tisa alasiri kama saa nyingine yoyote, mvua ikinyesha isinyeshe, na setilaiti ikipita asubuhi hupata cha kujilinganisha nacho.