BEGI LA SAFARI YA MLIMANI: TULICHAGUE VIPI?

Ndugu wanafunzi, safari ya kutembea milimani na kulala kambini ina faida nyingi. Humfunza mtu subira na ushirikiano, na humwezesha kuijua nchi yake kwa macho yake mwenyewe. Lakini wengi wanaorudi wakiwa hoi hawakuchoshwa na mlima, bali na begi walilobeba. Mwanafunzi ambaye begi lake linamkata mabega huanza kubaki nyuma. Wenzake husimama kumngoja, na mwishowe kundi zima hufika kambini giza limeshaingia. Kwa hiyo suala la begi halimhusu mwenye begi peke yake, bali linawahusu wote wanaofuatana naye.

Katika makala hii tutaeleza mambo ya kuzingatia kabla ya kununua begi la mgongoni. Mfano wetu utakuwa matembezi ya milima ya Usambara, kutoka Lushoto kuelekea Mtae, ambayo huchukua siku kadhaa kwa miguu. Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi Juni na Julai huko ni wa baridi kali kwa mtu aliyezoea joto la pwani.

Kwanza: Pima mzigo kabla ya begi

Wengi wetu hununua begi kubwa kwanza, kisha hutafuta vitu vya kulijaza. Huku ni kuanzia mwisho. Weka sakafuni vitu vyote unavyokusudia kubeba, uvipime kwa mizani, ndipo uende dukani.

Kanuni inayofuatwa na watembeaji wengi ni kwamba mzigo wote, pamoja na begi lenyewe, usizidi asilimia 20 ya uzito wa mbebaji. Kwa wadogo ni vizuri upungue zaidi ya hapo. Mwanafunzi mwenye kilo 50, basi, asizidishe kilo 10. Na tuhesabu: maji lita 2 ni kilo 2, chakula kilo 1.5, blanketi kilo 1.5, nguo za baridi na koti la mvua kilo 1.5, fungu lake la hema kilo 1.5; sahani, tochi, mswaki na msala mwepesi nusu kilo. Jumla ni kilo 8.5.

Sasa tazama kazi ya begi. Akichukua begi lenye uzito wa kilo 1, mzigo wote utakuwa kilo 9.5, na yumo ndani ya kipimo. Akichukua begi zito la kilo 2.5, atakuwa na kilo 11, na ameshapita kipimo ingawa hakuongeza hata kijiko.

Asije mtu akasema kuwa kuhesabu kilo ni uvivu. Katika Mlima Kilimanjaro, wapagazi ambao ni watu wazima na wamezoea kazi hiyo wamewekewa kikomo cha kilo 20, na mizigo yao hupimwa kwa mizani getini. Ikiwa wao wana kikomo, mwanafunzi anakihitaji zaidi.

Pili: Mzigo ubebwe na nyonga, si mabega

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Mabega yana misuli midogo na mishipa inayopita karibu na ngozi, na yakibanwa kwa muda mrefu, mikono huanza kufa ganzi. Nyonga ni mifupa mikubwa iliyokaa juu ya miguu yenye nguvu. Begi zuri lina mkanda mpana wa kiunoni, wenye sponji, unaoukalisha mzigo juu ya nyonga. Mikanda ya mabegani kazi yake ni kulizuia begi lisivute nyuma.

Mkanda huo haufungwi tumboni. Ufungwe juu ya mifupa ya nyonga, ile unayoigusa ukishika kiuno. Begi lisilo na mkanda wa kiunoni linafaa kwa mzigo mdogo wa kutwa tu.

Tatu: Pima mgongo wako, si urefu wako

Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuwa na migongo tofauti, kwa kuwa mmoja ana miguu mirefu na mwingine kiwiliwili kirefu. Inamisha kichwa, na mwenzako atafute mfupa unaojitokeza chini ya shingo. Kutoka hapo apime kwa futi ya fundi cherehani, akifuata uti wa mgongo, hadi usawa wa juu ya nyonga. Hicho ndicho kipimo cha begi lako. Begi likiwa refu mno, mkanda utashuka kwenye makalio. Likiwa fupi, utapanda tumboni.

Usilijaribu begi tupu, kwani tupu yote ni mepesi. Mwombe muuzaji akuruhusu kutia pakiti za mchele au sukari zifike kilo 7 au 8, kisha utembee dakika kumi, upande ngazi na kuinama. Likikuchoma au kukuvuta nyuma hapo dukani, mlimani litakutesa.

Nne: Ukubwa na hali ya begi

Ukubwa wa mabegi hupimwa kwa lita. Kwa matembezi ya kutwa, lita 20 hadi 30 zinatosha. Kwa kulala usiku mmoja hadi mitatu, lita 40 hadi 50 zinatosha mtu aliyepunguza vitu vyake. Begi kubwa kupita haja lina hasara yake, kwani nafasi ikibaki, mtu huijaza.

Katika mitumba hupatikana mabegi mazuri kwa bei nafuu. Kagua mishono pale mikanda inaposhikana na begi, vuta zipu zote, na hakikisha mkanda wa kiunoni haukukatwa. Pitisha mkono ndani: utando wa kuzuia maji ukinata au kubanduka kama maganda, begi hilo limezeeka. Hata begi jipya huvuja mvua ikizidi. Kwa hiyo zungushia blanketi na nguo kipande cha nailoni nzito inayouzwa kwa mita, kwani blanketi likilowa, usiku wa Usambara hautakuwa na usingizi.

Tano: Namna ya kupanga

Vitu vyepesi kama blanketi vikae chini. Vizito, kama chakula na maji, vikae katikati na vigusane na mgongo. Koti la mvua liwe juu kabisa. Vitu vizito vikiwekwa mbali na mgongo, begi hukuvuta nyuma hata kama uzito ni uleule.

Hitimisho

Tunapenda kumtaja Emma Gatewood, mama wa watoto 11 wa Marekani. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 67, alitembea peke yake njia ya Appalachian kutoka Georgia hadi Maine, zaidi ya kilomita 3,000. Begi lake lilikuwa mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, na ndani yake mlikuwa na vitu vichache mno. Hakuwezeshwa na begi la bei kubwa, bali na kujua kipi aache nyumbani.

Basi tunawausia: pimeni vitu, pimeni migongo, ndipo mnunue. Na mkiwa njiani, wakubwa wabebe hema na masufuria, wadogo wapunguziwe. Kundi linalogawana mzigo kwa uwiano hufika pamoja.