Kwa Nini Mtihani wa Wasimamizi wa Seva Hubadilishwa: Mfano wa Programu Anzishi ya Linux

Ukibonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta, programu iliyohifadhiwa kwenye bodi mama ndiyo huamka kwanza. Hukagua vifaa, kisha huikabidhi kazi programu ndogo ya kupakia, nayo huingiza kiini cha mfumo endeshi kwenye kumbukumbu. Kiini huanzisha programu moja tu, ambayo hupewa namba 1. Programu hiyo ndiyo huamsha huduma nyingine zote: mtandao, hifadhidata, uchapishaji. Hapa tutaiita programu anzishi. Kwenye seva ya hospitali au ya stoo ya mgodi, hiyo ndiyo huamua kama kazi itaanza asubuhi, hasa pale umeme unapokatika na kurudi usiku.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland. Kwa miaka mingi ilitumia programu anzishi iitwayo SysVinit, ambayo mpangilio wake ulitokana na UNIX System V ya mwaka 1983. Msimamizi alikariri ngazi za uendeshaji kuanzia 0 hadi 6: ngazi 0 ni kuzima, 1 ni matengenezo, 6 ni kuzima na kuwasha upya. Huduma ziliamshwa moja baada ya nyingine kwa kufuata namba, kama foleni ya mawe kwenye karasha: wa mbele akichelewa, wote nyuma wanasubiri.

Mwaka 2006 Ubuntu ilileta Upstart. Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers walitangaza systemd. Katika systemd kila huduma ina faili linaloeleza inategemea nini. Zisizotegemeana huamka kwa wakati mmoja, na huduma ikianguka inaweza kuinuliwa tena yenyewe, endapo faili lake linaagiza hivyo. Ngazi za namba ziliachia nafasi malengo yenye majina; kwa mfano, iliyokuwa ngazi ya 5 kwenye mifumo ya Red Hat sasa ni “graphical.target”. Fedora iliichukua systemd mwaka 2011, Red Hat Enterprise Linux 7 mwaka 2014, Debian na Ubuntu mwaka 2015. Mabadiliko hayo yalizua ubishi mkali miongoni mwa mafundi, na wapo wanaoendelea kubisha hadi leo.

Watunga mitihani walikuwa na swali gumu zaidi kuliko ubishi huo. Linux Professional Institute, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1999 yenye makao Kanada, hutoa cheti cha LPIC-1 kwa mitihani miwili, kila mmoja wa maswali 60 kwa dakika 90. Je, wafute SysVinit? Kama wangeifuta mapema, mwenye cheti angekutana na seva ya zamani asijue pa kuanzia. Kama wangeiacha peke yake, cheti kingethibitisha ujuzi ambao waajiri wanazidi kuuacha. Waliingiza systemd bila kuitupa SysVinit. Hata toleo la 5 la mwaka 2018 linamtaka mtahiniwa azielewe zote mbili, na Upstart aifahamu kwa juu juu tu.

Anayeishi Geita hatashangaa. Wachimbaji wadogo wamezoea kukamata dhahabu kwa zebaki, huku mitambo ya kuchenjua marudio kwa sayanaidi ikiongezeka. Mtihani wa uchenjuaji unaouliza zebaki peke yake ungemwacha kijana mikono mitupu kwenye mtambo wa sayanaidi. Unaouliza sayanaidi peke yake haungemwandaa kutambua hatari ya zebaki iliyoko duarani leo. Kwa maoni yetu, mtihani wa ufundi haupaswi kukimbilia kitu kipya kwa sababu tu ni kipya. Unapaswa kufuata kinachokutwa kazini.

Red Hat hupima kwa njia nyingine: mtahiniwa hukaa mbele ya kompyuta na kutenda. Moja ya masharti ni kwamba kila alichokiweka kibaki kikifanya kazi baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa upya. Sharti hilo linagusa kosa ambalo wanafunzi wengi hulifanya. Amri “systemctl start” huamsha huduma sasa hivi, basi. Amri “systemctl enable” huagiza iamshwe kila mashine inapowaka, lakini haiiamshi sasa. Tuseme fundi ameweka hifadhidata ya duka la jumla mjini Kahama, akatumia amri ya kwanza tu. Jioni kila kitu ni sawa. Usiku umeme unakatika, unarudi, na asubuhi karani hawezi kutoa risiti hata moja. Tofauti hii ilikuwepo pia kwenye SysVinit ya Red Hat, kati ya “service” na “chkconfig”. Kwa hiyo aliyeelewa sababu hupata tabu ndogo amri zinapobadilika, na aliyekariri maneno huanza upya.

Cheti cha LPIC-1 hudumu miaka 5. Ukinunua kitabu cha mitumba cha kujiandaa nacho, tazama kwanza toleo la mtihani linalotajwa kwenye jalada na mwaka wa kuchapwa. Kitabu cha mwaka 2009 kinaweza kuwa kizuri sana kuhusu faili na ruhusa zake, lakini systemd hutaikuta humo.

MASWALI YA MARUDIO

1. Eleza kwa nini programu anzishi hupewa namba 1.
2. Seva ilikuwa ikifanya kazi jana. Leo baada ya umeme kurudi, huduma moja haijaamka. Taja sababu moja inayowezekana na amri ya kurekebisha.
3. “Mtihani wa ufundi usiulize teknolojia ya zamani.” Jadili kauli hii kwa kutumia mfano mmoja wa kompyuta na mmoja wa kazi nyingine unayoifahamu katika mkoa wako.