Udongo wa kalinzi: Katiba inasema nini?

Mujane wa muchimbaji mwenzetu alikuya kutuona hapa Nyalukemba na kartasi moja ndani ya sashe: majina ya mashahidi watano, alama za vidole vyao na muhuri wa shefu. Zamani baba mukwe wake alitoa ng'ombe ya kalinzi. Bwana yake akarizi kilima, akapanda migomba na kahawa, akajenga nyumba. Sasa kampuni moja inataka kile kilima, juu chini yake kuko zahabu. Wamemuambia: « Mama, udongo ni wa Leta. Tutalipa migomba tu. » Akatuuliza: « Wandugu, ni kweli? »

Wazee na wamama, nusu ni kweli. Nusu ingine wamemuficha.

Nusu ya kwanza ni ya zamani. Tarehe 1 Julai 1885, Leta ya Léopold II ilitoa amri kwamba udongo usio na mwenyewe ni wake. Pori ya kuwinda na shamba iliyopumuzishwa, wazungu waliona sawa hazina mwenyewe. Tarehe 7 Juni 1966, sheria Bakajika ikarudisha kwa Kongo haki juu ya udongo, pori na madini. Kisha sheria ya udongo ya 20 Julai 1973, kifungu 53, ikasema udongo ni mali ya Leta, hauwezi kuuzwa. Raia anapewa konsesio, na sertifika ndiyo inaihakikisha. Kifungu 387 kikaingiza udongo wa vijiji mikononi mwa Leta. Kifungu 389 kikaahidi kwamba Rais atatoa ordonansi ya kupanga haki za wanavijiji. Wazee wetu walingojea zaidi ya miaka makumi ine. Kalinzi ikabaki mulangoni: haikufukuzwa, haikukaribishwa ndani.

Nusu ya pili iko ndani ya Katiba ya 18 Februari 2006. Kifungu 34 kinasema mali ya mutu ni takatifu. Leta inalinda mali ya mutu moja ao ya kikundi, iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Soma tena: ao kwa desturi. Kalinzi ni desturi. Mutu anaweza kuondolewa tu kwa faida ya watu wote, na malipo ya haki yanatangulia. Ni kulipwa kwanza, kuhama nyuma.

Kodi ya madini ya 2002, iliyogeuzwa mwaka 2018, nayo inatenganisha mali mbili: madini ya chini na haki za udongo wa juu. Mwenye permi ya kuchimba hajapata nyumba ya mutu. Anapaswa kumulipa mwenye kuikaa.

Lakini tusijidanganye, hata sisi wachimbaji tunakosa. Tunachimba shimo katika shamba ya mama, tunamupa shefu kitu chake, mama tunamupita. Kesho kampuni ikitutendea vile, tutalilia sheria gani?

Basi, tufanye nini?

Kalinzi iandikwe wakati mashahidi wako wazima. Maneno ya kinywa yanazikwa pamoja na mutu.

Usiichanganye na bwasa. Bwasa ni ya musimu, haikupi kilima cha kurizisha watoto.

Wakati Leta inafanya ankete mbele ya kutoa udongo wa kijiji, muende wote, museme, maneno yenu yaandikwe. Kunyamaza kutahesabiwa sawa kukubali.

Usitie kidole kwa kartasi usiyosomewa.

Jina la bibi liandikwe pia. Shimo linaua, na mujane hawezi kuanza kutafuta haki siku ya kilio.

Na wewe unayenunua parseli hapa Bukavu na franga za shimo: muhuri wa shefu hautoshi. Tafuta sertifika. Kama mwengine ameipata mbele yako, miaka mibili ikipita ni nguvu sana kuibomoa.

Yule mama hajahama. Kati ya mashahidi watano, wawili wako wazima, na moja haoni tena vizuri. Juma hii tunapanda kilima pamoja na avoka kuandika maneno yao. Tunaenda mbio juu ya ule muzee.