Weka Rekodi ya Hadithi Unazosoma Kila Wiki

Riwaya ikiazimwa na kuachwa katikati, hukaa nyumbani huku msomaji mwingine akiisubiri. Wakaazi wanaweza kuepuka hali hii kwa daftari la kawaida.

Chora safu tano: tarehe, kitabu na mwandishi, aina ya hadithi, ukurasa uliofikia, na siku ya kukirudisha. Kila Jumapili, jaza mstari mmoja kwa kila kitabu unachosoma.

Safu ya aina ndiyo yenye faida zaidi. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ni ya upelelezi. Walenisi ya Katama Mkangi inakupeleka katika nchi ya kufikirika. Utengano ya Said Ahmed Mohamed inahusu familia na jamii. Baada ya mwezi utaona ni aina gani hujaigusa.

Kitabu kikikushinda, andika “nimeacha” pamoja na sababu, kisha kirudishe.

Katiba ya 2010 imeorodhesha maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Mwonyeshe mkutubi daftari lako. Litamsaidia kukuchagulia kitabu kinachofuata.