Kisiwa kidogo kwa wapendanao: uliza bahari kwanza, hoteli baadaye

Wadau, kila msimu wa harusi ukikaribia swali linarudi lile lile: "Jamani, nimpeleke wapi mwenzangu siku tatu nne, sehemu tulivu, bahari mlangoni, na isiniue mfukoni?" Jibu ambalo kila mtu anatoa haraka haraka ni "kisiwani bwana!" Sawa, kisiwani. Lakini kisiwa kipi, na lini? Hapo ndipo wengi wanapochemsha.

Mtu anakaa hapo kafe, anafungua picha: mchanga mweupe, maji ya buluu, kitanda kimemwagiwa maua. Anauliza bei ya chumba, anatuma hela, kazi kwisha. Kumbe ile picha ilipigwa maji yamejaa, jua linawaka, upepo umetulia. Yeye na laazizi wake wanafika maji yamekupwa, wimbi kubwa, na boti ya kuwarudisha haijulikani itaondoka saa ngapi.

Kisiwa kikubwa kama Unguja kinakusamehe. Hujapapenda Paje, unapanda gari unaenda Nungwi, siku haijaisha. Kisiwa kidogo hakina huruma hiyo. Mara nyingi kina hoteli moja, jiko moja na boti zinazohesabika. Mkifika mmefika. Ndiyo maana nasema kwenye kisiwa kidogo bahari ndiyo mwenye nyumba, hoteli ni mpangaji tu. Kwa hiyo muulize mwenye nyumba kwanza. Maswali yenyewe ni haya.

SWALI LA KWANZA: MAJI YATAKUWA WAPI?

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati zinasogea mbele kwa kama dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa Zanzibar na Dar inafikia mita 3 na zaidi. Siku za maji mafu, katikati ya hapo, tofauti ni ndogo sana.

Sasa shika hii, maana hoteli nyingi hazikuambii. Siku za bamvua maji yetu hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hujaa mnamo saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Maana yake ni kwamba ukienda siku hizo, baada ya chai ya asubuhi bahari imekimbia, lakini jioni unaogelea mlangoni kwako huku jua linaelekea kuzama. Siku za maji mafu mambo yanageuka: maji yanajaa asubuhi kiasi na hayakupwi sana. Wavuvi hawahitaji kompyuta kwa hili, wanahesabu mwezi tu. Tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu ziko karibu na bamvua. Tarehe 8 na 22 ziko karibu na maji mafu. Na wewe hesabu kabla hujalipa.

Upande wa kisiwa nao una neno. Pwani ya mashariki ya Unguja, kule Paje, Bwejuu na Jambiani, mwamba uko mbali na ufukwe, hivyo maji yakikupwa unaweza kutembea mbali sana bila kuogelea. Wengine wanapenda hivyo, mnashikana mikono mnatembea, mnaona mashamba ya mwani ya akina mama (msiyakanyage, ni kazi ya watu hiyo). Nungwi na Kendwa kule kaskazini maji hayakimbii kiasi hicho. Kwenye kisiwa kidogo uliza wazi: "Maji yakikupwa tunaogelea wapi? Na boti inatia nanga wapi?" Kuna sehemu mtashuka mbali na kutembea majini mmebeba mabegi kichwani. Bibi harusi na viatu vyake virefu atakukumbuka maisha.

SWALI LA PILI: UPEPO GANI UNAVUMA?

Mwaka wetu wa pwani una pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, joto kali, bahari kwa kawaida tulivu zaidi. Kusi huvuma kuanzia kama Juni hadi Septemba, hewa ya baridi kidogo, jua zuri, lakini mawimbi. Katikati ziko mvua: masika Machi mwishoni hadi Mei, na vuli kama Oktoba hadi Desemba.

Wengi wanadhani tatizo ni mvua peke yake. Vuli mara nyingi hunyesha ikapita, mnaendelea na mambo yenu. Masika ndiyo shughuli pevu, na baadhi ya hoteli za visiwani hufunga kabisa Aprili na Mei. Zile zinazobaki wazi hushusha bei, kwa hiyo anayetaka kukaa ndani na mpenzi wake akisikiliza mvua juu ya makuti anaweza kupata nafuu kubwa. Hilo si kosa, ilimradi umelichagua mwenyewe.

Kusi linataka akili zaidi. Upande wa mashariki na kusini ndio unaopigwa, na wachezaji wa tiara za baharini hufurika Paje kwa sababu hiyo hiyo. Kama mnataka maji ya kutulia mwezi wa Julai, tafuteni sehemu iliyokingwa, upande wa magharibi. Kwa pwani nyingi, kipindi kinachopendeza wapendanao ni Septemba na Oktoba kusi likipungua, na Januari na Februari kwa wasioogopa joto.

SWALI LA TATU: CHOMBO GANI, NA NANI ANAKIENDESHA?

Hapa naomba tusitaniane. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, ilizama na mamia ya watu wakafa. Haikupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit iliyotoka Dar ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, bahari ikiwa imechafuka kwa upepo. Angalia mwezi: Julai, kusi limeshika kasi.

Sasa wewe na mwenzako mtavuka kwa chombo kidogo kuliko hivyo. Uliza kina injini ngapi. Uliza kama kuna jaketi la kujiokoa kwa kila mtu, na mkishafika, livaeni, msilikalie. Hesabu vichwa. Ondokeni mchana, msikubali kuvuka usiku kwa sababu tu "kapteni kazoea". Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa, likitolewa, ahirisheni. Na usipange boti ya kurudi asubuhi ile ile mnayotakiwa kazini au kupanda ndege. Acha nusu siku au siku nzima ya akiba. Nahodha anayesema "leo hatuendi" anawapenda kuliko yule anayesema "twendeni tu, Mungu yupo".

SWALI LA NNE: HIYO BEI NI YA NINI NA NINI?

Bei ya kisiwani ina mitego. Wa kwanza: hoteli nyingi hutaja bei ya kichwa kimoja kwa usiku, si ya chumba. Ukiona dola 150, kwa wawili ni 300, kwa siku tatu ni 900. Wa pili: je, boti imo? Kwenye kisiwa kidogo huna njia nyingine ya kufika. Wa tatu: ada ya hifadhi. Visiwa vingi vizuri viko ndani ya hifadhi za bahari na ada hutozwa kwa kila mtu. Wa nne: chakula na vinywaji. Hakuna mama ntilie nje ya geti, kwa hiyo kama milo haimo, utakula kwa bei watakayotaka wao.

Dawa yake ni moja. Andika barua pepe, usipige simu tu: "Naomba jumla ya hela yote kwa watu wawili, siku kadhaa, pamoja na boti kwenda na kurudi, milo yote, ada na kodi." Uliza pia kama kuna bei ya mwananchi au mkaazi, maana sehemu nyingi ipo ila hawaitangazi, na beba kitambulisho. Uliza vilevile wakifuta safari kwa ajili ya hali ya hewa hela yako inakuwaje. Majibu yakiwa kwenye maandishi, hakuna kubishana gatini.

Na usishangae ukiulizwa cheti cha ndoa. Baadhi ya nyumba za wageni Zanzibar na visiwa vya jirani huuliza, hasa wapenzi wenyeji. Ni bora kuuliza mapema kuliko kuaibika mapokezi mbele ya mtoto wa watu.

HAYA, VISIWA VYENYEWE

Wa Dar wenye hela ya mawazo: Bongoyo na Mbudya. Vyote ni hifadhi tangu 1975. Bongoyo boti ziko Msasani, Mbudya ziko upande wa Kunduchi. Ni mambo ya asubuhi kwenda jioni kurudi: kibanda cha makuti, samaki wa kukaanga, kuogelea. Ila msiende Jumapili mkategemea faragha. Nendeni katikati ya wiki.

Changuu, wengine wanakiita Prison Island, ni mwendo wa kama nusu saa kwa boti toka Mji Mkongwe. Kuna makobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli, na jengo la gereza la miaka ya 1890 lililoishia kuwa karantini ya wagonjwa. Kizuri kwa matembezi, siyo kwa kujificha.

Chumbe ni habari nyingine. Mwamba wake ulitangazwa hifadhi mwaka 1994, uvuvi hauruhusiwi, na kuna vibanda 7 tu vya wageni. Maji ya kuoga ni ya mvua yanayokingwa kwenye mapaa, umeme ni wa jua, kuna mnara wa taa wa mwaka 1904, na usiku kaa wakubwa wanaopanda minazi hutoka. Hakuna kiyoyozi wala bwawa la kuogelea. Kama mwenzako raha yake ni muziki mkubwa na kusuka nywele kila asubuhi, mtagombana. Kama anapenda samaki na nyota, hatasahau.

Mnemba, kaskazini mashariki ya Unguja, ndiyo ile ya kwenye majarida. Kisiwa kizima ni cha wageni wa hoteli moja, na bei yake ni ya matajiri hasa. Habari njema ni kwamba mwamba unaokizunguka unafikika kwa boti za matembezi toka Matemwe na Nungwi. Tokeni mapema kabla boti hazijajazana.

Mafia kwa wanaotaka mbali na kelele. Hifadhi yake ya bahari ilianzishwa 1995, ya kwanza nchini. Kama Oktoba hadi Machi mnaweza kuogelea karibu na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, na hali watu. Chole, kisiwa kidogo pembeni yake, kina magofu na popo wakubwa mitini. Mnafika kwa ndege ndogo toka Dar au kwa chombo toka Nyamisati. Wenye roho nyepesi chukueni ndege.

Wadau wa Kenya, ninyi mna Lamu. Mji wake wa kale uko kwenye urithi wa dunia tangu 2001, usafiri ni punda na mashua, na Shela ina ufukwe mrefu ambao mnaweza kutembea mkachoka wenyewe.

NENO LA MWISHO

Kote huko kuna wenyewe. Nguo ya kuogelea ni ya ufukweni. Mkipita kijijini jisitirini, mabusu subirini chumbani, na mwezi wa Ramadhani msile hadharani. Mkiheshimu, mtaletewa madafu kabla hamjaomba.

Na kabla ya yote muulize mwenzako anataka nini. Kuna asiyejua kuogelea na anaona aibu kusema. Kuna anayetapika kwenye boti. Kisiwa kidogo kitawaweka uso kwa uso siku tatu, hakuna luninga ya kukimbilia, na pengine hata simu haishiki. Hiyo ndiyo raha yake, na ndiyo mtihani wake. Waliochagua pamoja hata mvua ikinyesha wanacheka. Aliyechaguliwa kwa kushtukizwa akikuta maji yamekupwa ananuna mpaka gatini.

Haya wadau, mliofika huko mwageni data hapo chini: kisiwa gani, mwezi gani, na jumla mlitumia kiasi gani. Vijana wanajichanga, wasaidieni wasitupe hela baharini.