Vyakula vya Msimu wa Joto: Chungu Kipi Kipande Boti?

Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapovuma na joto la mchana kupita nyuzi 30, sisi wa Kibiti na delta ya Rufiji huwa na shughuli nyingi za kula pamoja. Kuna Krismasi na Mwaka Mpya, kuna ubatizo, kuna mikutano ya akina mama, na kila nyumba huja na chungu chake. Ni desturi nzuri, maana hakuna mama mmoja anayeachiwa kulisha watu sitini peke yake. Lakini ni miezi hiyo hiyo ambayo sisi wauguzi huletewa watoto wanaotapika jioni ile ile ya karamu, na mara nyingi lawama huangukia samaki ilhali mkosaji ni wali.

Huenda unashangaa. Wali wa nazi ndio fahari ya mwanamke wa pwani, na mchele wa Rufiji unanukia vizuri kiasi cha kuliwa bila mboga. Hata hivyo, ndani ya mchele kuna vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu. Ukiupasha moto tena unaua vijidudu, lakini sumu inabaki. Tena tui la nazi huchacha haraka kuliko mafuta, kama ajuavyo kila mama aliyewahi kufunua kiporo asubuhi. Ushauri wa afya ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje ya moto au baridi kwa zaidi ya saa 2, na katika joto kama letu ni heri kupunguza.

Sasa fikiria safari. Mama wa kijiji cha ndani ya delta huja kwa boti hadi Nyamisati, kisha hupanda gari au bodaboda mpaka Kibiti mjini. Boti haitoki kwa saa ya ukutani, hutoka kwa maji. Maji yakipwa, mtasubiri kwenye tope la mikoko hadi yajae. Wali uliopikwa saa 11 alfajiri unaweza kuliwa saa 8 mchana, yaani saa 9 baadaye, huku sufuria imefunikwa vizuri na kufungwa kwa kanga, jambo ambalo hulilinda joto lile lile wanalolipenda vijidudu.

Katika sherehe moja niliyohudhuria, watoto kadhaa walianza kutapika kabla ya magharibi. Hakuna aliyepoteza maisha, lakini mama aliyepika chungu kile alikaa miezi mingi bila kuleta chakula tena. Alikuwa mpishi hodari, na wali wake ungeliwa nyumbani kwake ukitoka motoni usingemdhuru mtu. Alipangiwa chungu kisichofaa kwa safari yake, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia. Nani atamkatalia mwenzake sufuria aliyoibeba kichwani tangu alfajiri?

Ndiyo maana napendekeza tugawane vyungu kwa umbali, na tupange mapema, kabla mtu hajanunua kitu. Wanaoishi jirani na mahali pa mkutano wapike wali, mchuzi, kuku na chochote chenye tui. Kuku, kwa kuwa tunawaalika pia majirani zetu Waislamu, achinjwe na mmoja wao ili wote wale kwa amani. Wanaotoka mbali walete vitu vikavu, vyenye chumvi na ndimu, au vya kumalizia kupikwa pale pale. Najua kuna wanaoona aibu kufika na kapu la nazi wakati mwenzao wa mjini amebeba pilau. Aibu hiyo haina msingi. Nazi nzima ni kama kopo ambalo halijafunguliwa. Inastahimili boti, jua na tope, na ikikunwa kwenye mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu nusu saa kabla ya kula, tui lake halina mpinzani.

Chakula cha kwanza ninachokipendekeza kwa safari ni choroko za ndimu. Kwa watu 8 chukua vikombe 2 vya choroko, uzichemshe kwa chumvi kidogo mpaka ziive bila kupondeka. Mwaga maji yote, uzitandaze kwenye sinia safi zipoe haraka, na uzifunike kwa chandarua. Katakata vitunguu maji 2, karoti 1 na pilipili hoho 1, changanya na maji ya ndimu 3 na vijiko 2 vya mezani vya mafuta. Nyanya usizitie nyumbani, kwani hutoa maji na kuharibu ladha. Zibebe nzima, zikatwe mezani. Ndimu hupunguza kasi ya vijidudu lakini haivizuii milele, kwa hiyo zipike karibu na saa ya kuondoka, si usiku wa kuamkia safari. Kama unajua boti itachelewa, beba choroko kavu na mchanganyiko wake, uzichemshe ukifika; hazihitaji muda mrefu.

Cha pili ni muhogo na kachumbari ya embe bichi. Muhogo uwe ule mtamu, maana mchungu una sumu na hautaki haraka. Beba mbichi na maganda yake, umenye na kuuchemsha huko huko. Wakati unachemka, menya maembe mabichi 4, yakate vipande vyembamba kama njiti, tia kitunguu, pilipili na chumvi. Mimi huongeza kikombe cha uduvi wakavu nilioukaanga kwenye kikaango bila mafuta mpaka unukie. Watoto waliokataa mboga za majani hugombania kachumbari hiyo, sijui kwa nini, ila nashukuru.

Wale wanaopenda muhogo wa nazi wangoje tui la nazi zile za kapuni. Chemsha muhogo kwa tui jepesi, kisha tui zito liingie mwishoni na likorogwe taratibu lisikatike.

Kamba wabichi na samaki nitavitaja kwa ufupi. Kama huna barafu tangu anapovuliwa, usimsafirishe. Vibua na jodari waliokaa juani hutengeneza sumu inayowasha mwili na kuufanya uso kuwa mwekundu, nayo haiondoki kwa kukaangwa wala kwa ndimu. Walio karibu na wavuvi wamnunue asubuhi na kumpika mara moja.

Kinywaji kiwe ukwaju. Chemsha nusu kilo ya ukwaju katika lita 3 za maji, chuja, tia sukari, uache upoe ukiwa umefunikwa. Usiongeze maji mabichi baadaye, na barafu usiyojua maji yake yalitoka wapi usiitumbukize ndani. Zungusha nje ya ndoo. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 yaliyofunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, tulijifunza jinsi vyoo na visima vinavyoweza kuchanganyika. Kwenye meza kuwe na ndoo ya maji ya kunawa na sabuni, na mama mwenye kidonda mkononi apewe kazi ya kupokea wageni, si ya kupakua.

Mtoto akianza kuharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kama hakuna, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Aendelee kunyonya na kula. Akilegea, macho yakibonyea, akitapika kila anachokunywa au ukiona damu kwenye choo, mpeleke kituo cha afya usiku huo huo.

Mabaki je? Wali na mchuzi vigawiwe kwa majirani wa karibu wavimalize jioni hiyo, wala visirudi kwenye boti. Embe na nyanya zilizobaki nzima zipewe wenye watoto wengi. Nazi zisizovunjwa zibaki kwa mama mwenyeji. Atazipikia kisamvu wiki nzima.